Mume wangu ana kasi kuniliko: tujiandae vipi pamoja kwa kilomita 21?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Chake Chake. Mimi na mume wangu, ambaye ana miaka 39, tumejiandikisha mbio za kilomita 21 huko Unguja na zimebaki wiki 13. Yeye alicheza mpira tangu skuli, kilomita 10 anamaliza kwa dakika 58. Mimi nilianza mwaka jana tu, namaliza kwa dakika 76. Tunakimbia pamoja alfajiri mara nne kwa wiki, watoto wanabaki na bibi yao, na mwendo wetu ni kama kilomita moja kwa dakika 8. Mimi nabaki natweta, yeye analalamika kuwa hapandi kiwango. Wiki ya tatu sasa ugoko wa mguu wa kulia unaniuma. Tuendelee pamoja au kila mtu ashike njia yake? Na huu ugoko niufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Ahsante kwa kuniletea namba, maana wengi huniandikia "nakimbia kiasi" wakitaka niwape dawa. Namba zako zimeshajibu nusu ya swali.

Chukua muda wako wa kilomita 10, uzidishe kwa 2.2. Unapata makisio ya kilomita 21 kwa mtu aliyejiandaa sawasawa. Kanuni hii ni ya mhandisi mmoja wa Marekani, Peter Riegel. Mwenyewe aliiandika kwa hesabu ya vipeo, lakini 2.2 inatutosha sisi. Kwako inatoka kama saa 2 na dakika 47, yaani kilomita moja kwa karibu dakika 8. Kwa mumeo ni saa 2 na dakika 8, kilomita kwa dakika 6 na ushei.

Umeona? Dakika 8 kwa kilomita ndiyo kasi yako ya siku ya mashindano. Wewe mara nne kwa wiki unashindana, na asubuhi unaanika nguo na kupeleka watoto skuli. Yeye kwa kasi hiyohiyo hafanyi zoezi, anakusindikiza. Zoezi moja, watu wawili, na halimfai hata mmoja. Kwa hiyo yeye hapandi na wewe unaumia, na sababu ni ileile.

Mwili haujengwi kwa kukimbizwa kila siku. Sehemu kubwa ya mbio za wiki, kama robo tatu hivi, inatakiwa iwe ya pole kabisa. Huhitaji saa ya kupima mapigo ya moyo. Jaribu kusoma Suratul Fatiha kwa sauti huku unakimbia, ukivuta pumzi mwisho wa aya tu. Ukikatika katikati ya aya fupi, punguza mwendo. Kwako pole hiyo itakuwa kama dakika 8 na sekunde 50 kwa kilomita, labda hata 9 kwenye vilima vyenu. Kwa mumeo ni kama dakika 7. Msione haya kutembea mlimani. Pemba si Makunduchi, barabara zenu hazikai sawa hata mita mia tatu.

Na usijilaumu kwa hilo pengo. Mwaka 2021 Letesenbet Gidey wa Ethiopia alikimbia kilomita 21 mjini Valencia kwa saa 1:02:52, na mwaka huohuo Jacob Kiplimo wa Uganda akazikimbia Lisbon kwa dakika 57:31. Zote zilikuwa rekodi za dunia, na tofauti ni zaidi ya dakika tano. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo zaidi na damu yake hubeba oksijeni kidogo kuliko ya mwanamme. Pengo lenu ni kubwa kuliko la hao wawili kwa sababu mwenzio ana miaka ya mpira miguuni. Hilo la mpira litapungua ukiendelea. La maumbile litabaki.

Sasa, pamoja au mbalimbali? Pamoja, ila si bega kwa bega. Nitakupa njia ambayo wanandoa wengi niliowapa wameshangaa kuwa ni rahisi hivyo. Tokeni mlangoni wakati mmoja, kila mtu kwa pole yake. Msihesabu kilomita, hesabuni dakika. Zikitimia 20, kila mmoja ageuke hapo alipo, arudi kwa mwendo uleule. Wewe utageuka kama kilomita 2.3 kutoka nyumbani, yeye karibu 2.9. Kwenda yuko mbele yako, kurudi yuko nyuma anakufuata, na dakika ya 40 mnafika mlangoni pamoja. Mumekimbia sawasawa bila ya mtu kumvuta wala kumngoja mwenzake. Tena hata gizani hawi zaidi ya mita 600 kutoka ulipo, jambo ambalo kwa mwanamke anayekimbia kabla ya jua kutoka si dogo. Shikeni upande wa kulia wa barabara, ili gari na bodaboda zije mnaziona, na vaeni kitu cheupe. Baibui jeusi saa 11 na nusu alfajiri dereva halioni.

Siku ya kasi, moja kwa wiki, nendeni uwanja wa Gombani. Hapo pia saa ndiyo mwamuzi. Dakika 3 za kukaza, dakika 2 za kutembea, mara tano. Mmoja apige filimbi. Katika zile dakika 2 kila mtu anatembea kumwelekea mwenzake, mnaanza tena mkiwa pahala pamoja. Kukaza si kufa: ukimaliza ya tano uhisi ungeweza ya sita. Lakini hii kwako isubiri mpaka ugoko upoe.

Mbio ndefu ya Jumapili ndiyo siku ya kuwa bega kwa bega kweli, kwa mwendo wako. Yeye aongeze nusu saa ya peke yake baada ya kukufikisha, kwa ile kasi yake ya dakika 6. Miguu ikiwa imeshachoka, hiyo nusu saa itampa mazoezi kuliko asubuhi tatu za kukulalamikia. Na abakiwe na siku moja katikati ya wiki ya kukimbia bila yako kabisa, wewe ulale. Nasema ulale kwa kusudi. Hukuniandikia nani anachemsha chai na nani anawaamsha watoto, lakini nimeshafanya kazi hii miaka ya kutosha nikajua. Mtu anayeamka saa 10 kuandaa nyumba kisha akaenda kukimbia na yule anayeamka akavaa raba akatoka, hawafanyi zoezi moja hata wakienda mwendo mmoja. Usingizi ni sehemu ya ratiba. Mgawane.

Jambo jengine la kumwambia, na ukitaka msomeshe hapa: asiwe kocha wako njiani. Asigeuke nyuma, asipige makofi, asiseme "haya, haya, kaza". Nia yake njema, najua, lakini kila akisema hivyo wewe unaongeza urefu wa hatua, na hapo ndipo ugoko unapoingia.

Mtu mfupi anayemfukuza mrefu hurusha mguu mbele ya mwili wake. Kisigino kinatua mbali, mfupa wa muundi, yaani huo wa ugoko, unapokea kishindo chote, na kwenye miteremko ya Chake kishindo kinazidi. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa nusu dakika, zidisha kwa nne, utapata hatua zako kwa dakika. Ukipata 152, jaribu kufika 160 kwa mwendo uleule, yaani hatua fupi na nyingi zaidi. Ongezeko la kama asilimia 5 tu hupunguza mzigo kwenye muundi na goti. Wiki ya kwanza utajiona unakimbia kama kuku, vumilia.

Kabla ya hayo, tujue ugoko wako ni wa aina gani. Kaa, pitisha kidole gumba ukikandamiza ukingo wa ndani wa mfupa kutoka kifundoni kwenda juu. Maumivu yakitanda urefu wa vidole vinne au zaidi, yakawa makali mwanzo wa mbio kisha yakapoa mwili ukipata moto, huo ni mvuto wa misuli kwenye ngozi ya mfupa. Ni wa kawaida kwa wanaoanza, na unapona. Lakini kidole kikigonga pahala pamoja tu, padogo kama senti, ukaruka macho kwa uchungu; au unaumwa usiku umelala; au huwezi kurukaruka kwa mguu huo mmoja, basi acha kukimbia leo. Huenda mfupa umeanza kupasuka. Nenda hospitali, na ujue kuwa eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Ukiambiwa picha ni safi na huku pahala palepale panauma, usirudi barabarani kwa furaha. Rudi kwa daktari.

Ikiwa ni ule wa kutanda, pumzika kukimbia siku 10. Tembea kwa haraka, au ogelea ukipata pwani yenye maji. Kila siku simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, panda juu ya vidole polepole na ushuke polepole, mara 15, awamu tatu kila mguu. Kisha urudie goti likiwa limekunjwa kidogo, maana msuli wa ndani wa shavu la mguu hufanya kazi zaidi hivyo, na ndio unaobeba mkimbiaji. Baada ya hapo anza kwa dakika 2 mbio, dakika 1 kutembea. Maumivu yasizidi tatu kwa kumi, na asubuhi ya pili yasiwe mabaya kuliko jana. Tazama na raba zako. Kama ni za mtumba na soli imekwisha upande mmoja, ugoko hautasikia dawa.

Nina shaka moja zaidi. Mama aliyezaa mara mbili, anatweta kuliko anavyostahili: kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ukiwa na 10 hakuna ratiba itakayokupa kasi. Na chai ya rangi uisogeze, unywe saa nzima baada ya chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ndimu kwenye mchicha au kisamvu husaidia. Kama siku zako zimepotea tangu uanze mazoezi na huna mimba, huli vya kutosha. Hilo pia hudhoofisha mifupa, kwa hiyo mwambie daktari siku hiyohiyo.

Wiki 13 zinatosha hata ukizipoteza mbili. Ukirudi, mbio ndefu ya kwanza iwe dakika 50 pamoja na kutembea. Ongeza si zaidi ya robo saa kwa wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma. Kileleni ufike saa 2 na dakika 20, ambazo kwako ni karibu kilomita 16. Usiende 21 kabla ya siku yenyewe, hakuna unachokipata huko isipokuwa uchovu. Wiki mbili za mwisho punguza.

Siku ya mashindano mimi ningewatenganisha. Mwanzo wa mbio una watu na ngoma na mshawasha, ukiwa naye utatoka kwa dakika 7 na kufika kilomita ya 14 huna mguu. Toka kwa dakika 8 na robo mpaka kilomita ya 5, kisha ujisikilize. Yeye amalize, akungoje na dafu. Ila waulizeni waandaaji muda wa kufunga barabara ni saa ngapi. Kwa saa 2 na dakika 47 ni lazima ujue mapema.

Vukeni siku mbili kabla. Nimewaona wakimbiaji wazuri kutoka Pemba wakishuka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi ya mkesha, mkondo wa Nungwi umewatapisha usiku kucha, tumbo tupu na midomo mikavu. Kusi likivuma ndiyo basi tena. Mkifika, kuleni mlivyozoea: wali, muhogo, boflo. Urojo wa Forodhani uwe wa baada ya mbio.

Wiki hii fanya kipimo cha kidole na cha damu, na uniandikie majibu yote mawili pamoja na idadi ya hatua zako kwa dakika. Mumeo naye aniandikie zake.