Mnaoanza unasihi, mjue kuchoka kunavyoanza

Jamani mnaoanza ushauri nasaha, hasa mnaopangiwa CTC (kliniki za huduma na matibabu ya VVU) na vyumba vya kupima VVU, watu wanadhani mshauri akielemewa atalia, wengi wala hatulii. Kinachotangulia ni ganzi. Mama anakwambia hajathubutu kumwambia mumewe majibu maana atafukuzwa, na wewe kichwani unahesabu foleni ya nje, unamkatisha kabla hajamaliza kwa vile asubuhi umeshasikia kesi kama yake. Afu unaanza kuomba mteja wa mwisho asitokee.

Ukijiona hivyo usijiite una roho mbaya. WHO walipopitisha ICD-11, orodha yao ya kimataifa ya magonjwa, mwaka 2019 waliandika kabisa kwamba kuchoka huku kunatokana na msongo wa kazini usiposhughulikiwa, hawakusema ni ugonjwa. Kunajionyesha hivi: unaishiwa nguvu, unaichukia kazi, unaona huna unachokifanya kikaonekana. Kwa hiyo ongea na inchaji kuhusu rosta, ni suala la kazi. Mimi naswali na swala inanituliza sana, ila haipunguzi wateja kwenye rosta.

Uchovu wa huruma ni kitu kingine, huo unatokana na maumivu unayoyasikiliza, unaweza kuwa na wateja wachache tu na bado usiku ukaota ya yule binti aliyebakwa. Hapo dawa kubwa ni kuwa na mshauri mzoefu wa kumsimulia, bila jina la mteja, na asiwe bosi anayekujazia tathmini maana mbele yake hutafunguka. Kesi nzito usizipange mfululizo kama unaweza, toka nje kidogo, nawa uso, ndo umwite mwingine. Namba yako binafsi usiigawe, toa ya kliniki, na mteja mwenye mawazo ya kujiua mkubaliane kama timu nani anamfuatilia, asibebwe na mtu mmoja usiku kucha.

Ambaye ameshafika pabaya, likizo pekee haitoshi, anarudi anakuta foleni ileile. Aombe kupunguziwa wateja au akae upande wa mafaili kwa muda, na yeye mwenyewe atafute mnasihi. Usingizi ukikata wiki nzima na zaidi, au ukianza kutamani kufa, nenda kwa daktari haraka, usijitibu kwa sababu eti umesomea.

Wiki ya kwanza tu uliza nani anawasikiliza washauri hapo kituoni. Wakisema hakuna, tafuteni wenzenu wa vituo jirani mkutane hata mara moja kwa mwezi.