Wasomaji Wanauliza: Nyama ya Sikukuu ya Mtakatifu Patrick

SWALI: Mhariri, kila tarehe 17 Machi majirani zangu hapa Boston, ambao wazee wao walitoka Ayalandi, huchemsha nyama ya ng'ombe ya chumvi pamoja na kabichi na kusema kwamba ndicho chakula cha mababu zao. Mfanyakazi mwenzangu mzaliwa wa Dublin anasema kwao hakukulia chakula hicho. Nimsadiki nani?

JIBU: Wasadiki wote, maana kila mmoja anasimulia ya nchi yake. Katika Ayalandi ya zamani ng'ombe alifugwa kwa ajili ya maziwa na siagi, na nyama iliyotiwa chumvi katika bandari ya Cork ilipakiwa melini kupelekwa ng'ambo, kwa kuwa mkulima wa kawaida hakuimudu. Yeye alikula viazi, na siku ya neema akapata kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi kilichochemshwa na kabichi. Ugonjwa ulipoanza kuozesha viazi mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi, wengi wao wakiishia miji kama New York na huko kwenu Boston.

Wanahistoria wa vyakula hueleza kwamba huko New York wahamiaji hao waliona nyama ya ng'ombe ni nafuu kuliko ya nguruwe waliyoizoea, hasa kidari, nyama ngumu ambayo wauza nyama wa Kiyahudi, majirani zao wa mitaa ya kusini mwa Manhattan, waliilaza kwa siku kadhaa katika maji ya chumvi na viungo. Huchemshwa kwa moto mdogo saa tatu au zaidi mpaka nyuzi zake zilegee, na kabichi hutiwa mwishoni isije ikarojeka. Kwa hiyo nyama ilibadilika, kabichi ikabaki ile ile.

Hata shamrashamra zenyewe zina mkono wa Marekani. Gwaride la New York lilianza mwaka 1762, kabla Marekani yenyewe haijazaliwa, ilhali Ayalandi siku hiyo ilikuwa ya misa, na kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ilifunga baa (jambo ambalo majirani zako, nadhani, wataliona kichekesho). Mwenzako wa Dublin ukimwalika, mpikie nyama ya nguruwe.