"Seli zinazofanana" au "seli za ukoo mmoja"?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu limfoma (saratani ya seli za kinga) niliandika: "Programu ya kompyuta iligundua seli za kinga zinazofanana." Mhariri akaifanya: "ilibaini seli za kinga za ukoo mmoja." Je, si maana ileile tu?

JIBU: Hapana, na mhariri wako amefanya vyema.

Kufanana ni habari ya sura. Ukoo ni habari ya uzazi. Seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili (protini za kupambana na vimelea), za mtu mwenye afya hufanana mno chini ya hadubini, ilhali kila moja, ikikomaa kwenye uboho, ilikata na kuunga upya vipande vya jeni zake za kingamwili, vile viitwavyo V, D na J, ikabaki na kiungo chake yenyewe, yaani mahali vipande hivyo vilipounganishwa. Ni mwanasayansi Susumu Tonegawa aliyeonyesha kwamba jeni hizo hupangwa upya, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1987. Seli moja ikigeuka saratani, kizazi chake chote hurithi kiungo hicho. Lakini katika limfoma ya folikuli, aina mojawapo ya limfoma, jeni hizohizo huendelea kubadilika, hata ndugu wa ukoo mmoja wakatofautiana herufi kadhaa za vinasaba. Basi "zinazofanana" huingiza seli zisizohusika na kuacha nje zinazohusika.

Kuhusu kitenzi: kugundua ni kukuta jambo lililokuwa halijulikani. Kubaini ni kuliona waziwazi baada ya kulipambanua, na hiyo ndiyo kazi ya programu. Hulinganisha kila kipande cha vinasaba kilichosomwa na orodha ya jeni V na J zinazojulikana, husoma kiungo kilicho kati yake, huweka pamoja vipande vyenye V na J zilezile na viungo vinavyokaribiana sana, kisha hupima kila ukoo umechukua sehemu gani ya sampuli. "Kutambua" nako kungefaa.

Hata hivyo, sentensi ya mhariri bado ina pengo. Tezi ya limfu yenye afya ina koo nyingi za seli (ndiyo, wingi wa ukoo ni koo), kila mmoja ukiwa mdogo. Kinachotia shaka ni ukoo mmoja kuzidi koo nyingine zote, kwa hiyo litaje hilo: "Programu ilibaini ukoo mmoja wa seli B uliotawala sampuli." Tafadhali usiandike "ilibaini saratani". Maambukizi nayo huweza kukuza ukoo mmoja wa seli za kinga kwa muda, na daktari hathibitishi limfoma bila kuichunguza tishu yenyewe.