Nyutrino zina nguvu nyingine tusiyoijua?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nasoma fizikia mwaka wa pili, lekchara wetu aligusia haraka haraka eti kuna modeli zinasema nyutrino zinashikana na maada kwa njia isiyo ya kawaida, yaani mbali na ile nguvu dhaifu tunayofundishwa. Sasa chembe yenyewe inapenya dunia nzima bila kugusa kitu, hiyo njia nyingine wataionaje? Na ni jambo siriasi au hesabu za karatasini tu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ni siriasi kabisa ndugu msomaji. Kwanza ujue nyutrino (chembe ndogo mno isiyo na chaji) si lazima igonge kitu ndo tuone athari. Ziko aina tatu, ya elektroni, ya myuoni na ya tau (myuoni na tau ni ndugu wazito wa elektroni), na zikiwa njiani zinageuka kutoka aina moja kwenda nyingine, jambo lililowapa wanafizikia Kajita na McDonald Nobel ya 2015. Mwaka 1978 mwanafizikia Lincoln Wolfenstein alionyesha kuwa elektroni zilizomo kwenye maada zinabadilisha namna hiyo geuka-geuka inavyokwenda, bila mgongano wowote, na katika makala hiyohiyo akafikiria pia ingekuwaje kama kuna nguvu ya ziada, kwa hiyo wazo si la jana.

Ukubwa wa nguvu hiyo wanauandika kwa herufi epsiloni, ikiwa 0.1 maana yake ni kama sehemu ya kumi ya nguvu dhaifu. Kuandika epsiloni ni rahisi, ugumu uko kwenye kujenga modeli ya kuizaa, maana kwenye Modeli Sanifu (nadharia kuu ya chembe inayotumika sasa) nyutrino na elektroni ni ndugu wa tumbo moja, ukimpa mmoja nguvu mpya na mwenzake kaipata. Hapo mbebaji wa nguvu (chembe inayoipeleka nguvu kutoka kitu kimoja hadi kingine) akiwa mzito unaanza kutabiri vitu ambavyo havionekani, mfano myuoni kuvunjika ikatoa elektroni mbili na positroni moja (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya). Jaribio la SINDRUM kule Uswisi lilitafuta, na 1988 likatangaza kwamba kama kitu hicho kipo basi hakizidi mara moja kwenye trilioni. Modeli nyingi zimekwama hapo.

Ndo maana siku hizi wengi wamehamia kwa mbebaji mwepesi, na mimi naona hapa ndo kuna akili zaidi. Athari ya njiani, yaani kwenye ile geuka-geuka, inategemea mraba wa nguvu ya kushikana ukigawanya kwa mraba wa masi ya mbebaji, sasa vyote viwili vikiwa vidogo uwiano bado unaweza kuwa mkubwa. Kwenye mgongano wenye msukumo mkubwa kuliko masi hiyo, unagawanya kwa mraba wa msukumo badala ya mraba wa masi, jibu linakuwa dogo mno na jaribio halioni kitu!

Lakini hata huko kuna kikomo. Mwaka 2017 jaribio la COHERENT, pale Oak Ridge Marekani, kwa kipima cha kilo 14.6 tu, walinasa nyutrino zikigonga kiini kizima cha atomu kama mwananadharia Freedman alivyotabiri 1974. Msukumo wa mgongano huo ni mdogo, kwa hiyo hata wabebaji wepesi kiasi wanabanwa, wanaopumua ni wale wepesi zaidi.

Mwaka 2020 majaribio mawili yanayorusha nyutrino masafa marefu ardhini, T2K ya Japani (kilomita 295) na NOvA ya Marekani (kilomita 810), yalitoa majibu yasiyokaa vizuri pamoja kuhusu tofauti ya nyutrino na antinyutrino (pacha wake wa antimaada), baadhi ya wananadharia wakasema epsiloni ya 0.1 hadi 0.2 inaweza kuyapatanisha kwa kuwa za NOvA zinapita kwenye maada nyingi zaidi. Mimi siuiti ugunduzi, data ni chache mno. DUNE, jaribio jipya la Marekani litakalorusha nyutrino kilomita 1,300, ndo itabana vizuri, ila epsiloni ikiwepo na wakaipuuza wanaweza kusoma vibaya hata hiyo tofauti wanayoitafuta.

Ukitaka kuanza mwenyewe chukua mlinganyo wa Wolfenstein wa aina mbili tu, ongeza epsiloni nje ya daiagonali ya matriksi, chora grafu kwa 295 halafu kwa 1,300, kwa Python ni kazi ya jioni moja.