Maswali ya wasomaji: Huyu Porphyry tumwamini kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasoma falsafa mwaka wa pili, mwalimu katupa kazi ya kuandika kuhusu mwanafalsafa Plotinus wa Roma, sasa kila nikichimba maisha yake narudi kwa mtu mmoja tu, Porphyry, ambae alikuwa mwanafunzi wake. Mwanafunzi kumwandika mwalimu wake si atamsifia tu? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Atamsifia ndio, na kajisifia na yeye mwenyewe humo humo, ila usimtupe. Jamaa kwao ni Tiro, Lebanoni ya leo, akasoma kwanza Athene kwa mwalimu mmoja aitwae Longinus, halafu mwaka 263 baada ya Kristo akatua Roma ana miaka 30 hivi na Plotinus ana 59, akakaa nae kama miaka 6. Plotinus mwenyewe hakutaka kabisa kuongelea wazazi wake wala alikozaliwa, yaani ni kama alikuwa anaona aibu kuwa na mwili, hata picha alikataa kuchorwa. Mwanafunzi mwingine, Amelius, akaona isiwe tabu, akamleta mchoraji Carterius akae darasani kama wasikilizaji wengine, manake mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, akamkariri mzee sura kisha akaenda kumchora pembeni bila mwenyewe kujua. Sasa kitu kama hicho nani angekwambia kama sio mtu wa ndani? Ni yeye huyo huyo anayesema mzee alikuwa na mwandiko mbaya, macho hayaoni vizuri, na akishaandika harudii kusoma.

Darasani nako Porphyry alikuwa msumbufu. Siku 3 mfululizo anamuuliza mzee roho inakaaje na mwili, hadi mtu mmoja akalalamika kwamba yeye kaja kusikiliza mhadhara sio majibizano, Plotinus akamjibu kwamba Porphyry asipouliza wasipotatua hayo maswali basi hakutakuwa na cha kusema. Mimi hapo namwamini, darasa la hivyo tunalijua.

Pa kuwa macho ni kwenye hesabu ya maandiko ya Plotinus. Anasema alivyofika alikuta 21, akiwepo yakaandikwa 24, alivyoondoka yakaja 9. Halafu eti ya mwanzo yalikuwa mepesi, ya mwisho nguvu zilishapungua, yale bora ni ya kipindi chake yeye! Hiyo kwenye kazi yako iweke kwa tahadhari. Jumla ni 54, akayagawa mafungu 6 ya 9 9, ndo kile kitabu cha Enneads unachosoma, kwa hiyo hata mpangilio ni mkono wake, sio wa mzee.

Na kifo cha mzee Porphyry hakukiona. Mwaka 268 alikuwa na huzuni nzito mpaka anafikiria kujiua, Plotinus akamshtukia, akamfuata nyumbani bila taarifa akamwambia hayo sio mawazo ya akili timamu ni ugonjwa, nenda ukapumzike mbali, akaenda Sisilia. Mzee kafariki 270 yeye yuko huko huko, Amelius yuko Siria, aliyekuwepo ni daktari Eustochius, ndiye aliyemsimulia maneno ya mwisho na habari ya nyoka aliyepita chini ya kitanda akaingia tundu la ukutani. Kaandika yote hayo mnamo 301 akiwa na miaka 68, ni kama miaka 30 baadae, kwa hiyo nyoka mwachie Eustochius, ila ile habari ya huzuni naiamini, mtu hajitungii aibu kama hiyo.

SWALI: Huyo Porphyry alioa au alikuwa kama mtawa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Alioa uzeeni, Marcella, mjane wa rafiki yake mwenye watoto 7. Wamekaa miezi 10 tu akasafiri, akamwandikia mke barua ndefu ya falsafa na barua ipo mpaka leo. Marcella alimjibu nini, hiyo haikubaki.