Re: Mbona kinanda changu hakitoi sauti ya Green Onions?

Ndugu, umeuliza kwa nini umeweka kwenye kinanda chako sauti ya ogani ya umeme Hammond B3, spika ya kuzunguka kwa kasi, na bado hufanani na Green Onions, wimbo usio na maneno wa kundi la Booker T. & the M.G.'s (kampuni ya rekodi ya Stax, 1962). Kosa ni hapo hapo: pale studio ya Stax, Memphis, ilipigwa Hammond M3, kinanda kidogo chenye funguo 44 kila safu na spika yake ndani. Zima mzunguko wa spika. Vuta vijiti (drawbars, vya kuchanganya sauti za ogani) 4 vya mwanzo hadi mwisho, vingine virudishe ndani, uanzie hapo kurekebisha kwa sikio. Zima pia kipimo cha nguvu ya kidole. Ogani haikijui, sauti hupandishwa kwa mguu.

Wimbo ni bluzi ya baa 12 (vipimo 12 vya mapigo vinavyojirudia) katika F ndogo (F minor). Wengi huharibu kwa kujaza noti. Achia funguo mapema, ukimya ufanye kazi, na gitaa la Steve Cropper likate kwa ukali. (Besi alipiga Lewie Steinberg, si Duck Dunn, huyo alijiunga na kundi baadaye.)

Kuhusu kundi lenyewe: ndilo lililowapigia waimbaji Otis Redding na Sam & Dave, kwa hiyo sikiliza pia rekodi zao.