Mtiririko wa kazi unaojiendesha hutumia ruhusa za nani?

Swali: Katika mfumo wetu wa ununuzi kuna mtiririko unaojiendesha: karani akijaza fomu ya kubadilisha taarifa za muuzaji, mfumo husasisha rekodi na kumjulisha mhasibu. Jukumu la karani halimruhusu kugusa namba ya akaunti ya benki ya muuzaji, lakini tumegundua kwamba akipitia fomu hiyo namba hubadilika bila kizuizi. Je, tumepanga majukumu vibaya?

Jibu: Yaelekea majukumu yenu hayana kasoro. Kasoro iko katika jambo ambalo wengi hawaliulizi wanapounda mtiririko, nalo ni mamlaka ya nani yanayotumika unapofanya kazi. Karani ameuanzisha tu. Aliyebadilisha rekodi, kwa macho ya mfumo, ni akaunti iliyofungamanishwa na mtiririko huo, ambayo mara nyingi ni ya msimamizi au ya mtu aliyeuunda.

Programu hutofautiana katika hili, hivyo someni mwongozo wa programu yenu kabla ya kubadilisha chochote. Katika Salesforce, programu ya kusimamia taarifa za wateja, kwa mfano, mtiririko unaoamshwa na mabadiliko ya rekodi huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, bila kujali ruhusa za aliyeigusa rekodi. Katika Power Automate, programu ya Microsoft ya kuunda mitiririko, mtiririko unaoanzishwa kwa kubonyeza kitufe unaweza kupangwa utumie muunganisho (yaani akaunti ya kuingilia kwenye data) wa mwenye mtiririko au wa yule anayeuanzisha, na uchaguzi huo mdogo ndio unaoamua kila kitu.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alieleza kisa cha programu ya kutafsiri msimbo iliyokuwa na ruhusa ya kuandika katika saraka lilimokuwa faili la ankara. Mtumiaji asiyekuwa na ruhusa hiyo alitaja jina la faili hilo kama mahali pa kuhifadhia matokeo yake, na programu, kwa kuwa yenyewe iliruhusiwa, ikaandika juu ya ankara zote. Fomu yenu inafanya jambo lilelile.

Msiunyime mtiririko ruhusa zote, kwani utakwama, na kazi itarudi kwenye barua pepe. Uundieni akaunti yake maalumu, isiyo ya mtu yeyote, kisha iundieni jukumu jembamba: isome maombi, ibadilishe anwani na simu ya muuzaji, basi. Namba ya benki isiwemo kabisa. Badiliko la namba hiyo lihifadhiwe kama ombi linalosubiri, na liandikwe katika rekodi kwa ruhusa za mhasibu mwenyewe anapoliidhinisha. Ongezeni pia sharti kwamba aliyeomba na aliyeidhinisha wasiwe mtu mmoja, kwa sababu siku karani atakapokaimu nafasi ya mhasibu atakuwa na majukumu yote mawili, na mgawanyo wa kazi utabaki kwenye karatasi tu.

Ruhusa ya kuuhariri mtiririko ndiyo ninayoihofia zaidi, ingawa mara nyingi hutolewa kwa ukarimu kwa kila anayejiita mtaalamu wa mfumo. Anayeweza kuuhariri anaweza kuongeza hatua moja na kufanya lolote ambalo akaunti ya mtiririko inaruhusiwa kufanya. Kwa hiyo asihesabiwe kuwa na ruhusa pungufu kuliko akaunti hiyo. Ruhusa hii itengwe na ile ya kuuanzisha, ambayo makarani wote wanaweza kuwa nayo. Kumbukumbu za mfumo nazo zionyeshe majina mawili, la akaunti iliyotekeleza na la mtu aliyeanzisha, la sivyo mkaguzi atakuta kila badiliko limefanywa na akaunti isiyo na mwenyewe.

Mkimaliza, msijaribu kwa akaunti ya msimamizi, kwa kuwa kwake kila kitu hupita. Tengenezeni mtumiaji wa majaribio mwenye jukumu la karani peke yake, mjaze fomu yenye namba mpya ya benki, kisha mhakikishe kwamba rekodi ya muuzaji haijabadilika na ombi liko kwenye foleni ya mhasibu. Halafu mpeni mtumiaji huyohuyo jukumu la mhasibu na mjaribu kuidhinisha ombi lake. Mfumo unapaswa kukataa.